Lundo Kubwa la Bata Mzinga

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na upepo!

— Ukavuma!

Palikuwa na mkubwa!

— Akavimba!

Palikuwa na mdogo!

— Akatazama!

Haya, kaeni vizuri. Najua mnachotaka kuniambia. Mnataka kuniambia ngano haisimuliwi mchana, eti anayesimulia mchana huota mkia. Mimi kwa umri wangu huu, mkia ukiota nitafukuzia nzi. Upepo huu unaopiga mabati umeninyima usingizi, na nyinyi mmeninyima raha, basi tusumbuane. Na kabla hamjauliza: Sungura hayumo. Sungura ana ngano nyingi mno, leo mwacheni apumzike.

Palikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Sikitu. Nyumba yake ilikuwa juu ya kilima, na kila mwaka alilima mtama. Siku ninazozisema zilikuwa mwisho wa kiangazi. Mvua za vuli zilikuwa hazijafika, lakini miti ilikwisha kuzinusa, matawi makavu yameanza kutoa vijani vyekundu vyekundu. Na upepo! Upepo ulivuma asubuhi, ulivuma mchana, ukipumzika ulikuwa unapumzika ili uvume tena. Vuuu!

Sasa juu ya ua wa Bi Sikitu alikaa Chiriku. Chiriku mnamjua, kadege kadogo, kelele nyingi. Lakini siku za upepo Chiriku haimbi, maana wimbo wake hupeperushwa kabla hajaumaliza. Basi alishika kijiti kwa kucha zote na akafanya kazi iliyobaki, kutazama.

Akamtazama Kunguru anaruka kwenda mbele huku anarudi nyuma. Akamtazama Mwewe ametulia angani bila kupiga bawa. Akamtazama Mbuzi, ndevu zimelala upande mmoja. Akamtazama Punda, ambaye aliugeuzia upepo makalio, na huo ndio uamuzi wa busara pekee Punda aliowahi kuufanya. Kule pembeni mwa shamba akawaona kanga wa porini, kundi zima, wamenyoosha shingo wanachungulia mambo ya watu.

Na zaidi ya wote alimtazama Bi Sikitu akipepeta mtama.

Bi Sikitu alikuwa na namna yake. Alisimama katikati ya uwanja, ungo juu ya kichwa, akangoja. Upepo ukichelewa, aliuita kwa mluzi. Fyuu! Fyuu! Ukija, akainamisha ungo pole pole. Punje zikaanguka pale pale miguuni pake, twa-twa-twa. Makapi yakachukuliwa na upepo, fururu, yakaenda kutua mbali. Kila siku hivyo. Karibu na miguu, lundo dogo zito. Mbali kule, lundo kubwa jepesi. Chiriku akatazama siku ya kwanza, akatazama siku ya pili, siku ya tatu akaanza kucheka peke yake.

Bi Sikitu alikuwa na desturi aliyoirithi kwa mama yake. Tenga la mwisho la siku hakulipepeta. Alilimwaga pale uwanjani jinsi lilivyo, punje na makapi pamoja, akasema, "Hili fungu la wenye mabawa." Kisha akaenda zake jikoni.

Fungu la wenye mabawa. Wote! Ndivyo alivyosema mwenyewe. Lakini pale uwanjani alikuwepo Bata Mzinga.

Bata Mzinga! Kifua kama gunia, shingo nyekundu inaning'inia, na mkia akiufungua ni kama mtu aliyefungua mlango. "Gulu-gulu-gulu!" Hakutaka kuitwa jina lake. Alitaka aitwe Mkubwa. Na kila mkubwa ana mpambe, basi wa kwake alikuwa Bata, yule bata wa kawaida mwenye kutikisa makalio, ambaye kazi yake ilikuwa kufuata nyuma na kusema, "Kwa-kwa-kweli, Mkubwa! Kwa-kwa-kweli!"

Tenga likimwagwa, Bata Mzinga alipanda juu ya lundo. Akala hadi akashiba. Akishiba hakushuka, alilala hapo hapo juu ya chakula, ametandaza mabawa, hata jua likazama na kuku wakafungiwa bandani. Bata akapewa ruhusa ya kudonoa pembeni. Wengine waliambulia harufu.

Sasa hawa wengine ni nani? Ni Kuku Kishingo. Huyu alikuwa kuku mama, shingo haina manyoya, mwili umebaki mifupa. Alianza msimu na vifaranga saba. Juzi walikuwa sita. Asubuhi hiyo ya upepo walikuwa watano, na wa tano alikuwa anatembea hatua mbili, anakaa. Hatua mbili, anakaa. Kiangazi kimekula wadudu wote, ardhi imekuwa ngumu kama jiwe, na chakula pekee kilichokuwepo kilikuwa kimelaliwa na Bata Mzinga.

Usicheke wewe, hapa pa kucheka hapajafika. Kifaranga kufa kwa njaa karibu na lundo la mtama ni jambo la kuudhi, na mimi hapa naudhika.

Kuku Kishingo akamwendea. "Mkubwa, shikamoo."

"Gulu! Marahaba. Sema ukiwa mbali."

"Mkubwa, watoto wangu wanakufa. Naomba punje kidogo tu, ubavuni hapo."

"Mwaka jana hukuomba?"

"Niliomba."

"Nilikupa?"

"Hukunipa."

"Basi unaijua njia ya kurudi."

"Kwa-kwa-kweli!" akasema Bata.

Kuku Kishingo akarudi, akawafunika watoto wake kwa mabawa yaliyobaki mifupa, akalia. Kuku hatoi machozi, lakini kulia alilia. Chiriku aliyaona yote kutoka juu ya ua. Akashuka.

"Mama Vifaranga."

"Niache, Chiriku. Leo sina masikio ya kelele zako."

"Mama Vifaranga, miguu yako ingali na nguvu ya kuparua?"

"Kuku gani asiyeweza kuparua?"

"Basi mchana, tenga likimwagwa, mimi nitasema na wewe utaparua. Nikikwambia tupa juu, tupa juu. Nikicheka, usicheke."

Kumbe! Aliyezaliwa anaparua amepewa kazi ya kuparua, atashindwa vipi?

Mchana Bi Sikitu akaja, akamwaga tenga. Fungu la wenye mabawa. Akaenda jikoni. Bata Mzinga akaja anatembea taratibu, hatua moja, kifua, hatua moja, kifua. Kabla hajapanda juu ya lundo, Chiriku akatua mbele yake akainama mpaka mdomo ukagusa vumbi.

"Shikamoo Mkubwa wa wakubwa!"

"Marahaba. Nani huyu? Sauti naisikia, mtu simwoni."

"Ni mimi Chiriku, Mkubwa. Mkubwa, nimekuja na aibu. Wale kanga wa porini, unawaona kule?"

Bata Mzinga akageuza shingo. Kanga wote wamenyoosha vichwa, wanatazama. Akafungua mkia kidogo, maana yeye hakuwahi kutazama kitu chochote maishani mwake, kazi yake ilikuwa kutazamwa. Wakati Bi Sikitu anapepeta, yeye alikuwa njiani anaonyesha mkia kwa wapita njia. Hilo mlikumbuke.

"Wanasemaje?" akauliza.

"Wanasema hawamwoni mkubwa ni nani. Wanasema lundo ni moja, bata yupo hapo, bata mzinga yupo hapo, wote wanadonoa. Mmoja amesema," hapa Chiriku akashusha sauti, "amesema labda mkubwa ni Bata."

"Kwa!" Bata akashtuka. "Mimi sikusema!"

Bata Mzinga akawa mwekundu shingo, kisha samawati, kisha mwekundu tena. "Gulu-gulu-gulu! Nifanye nini?"

"Mkubwa, mimi mdogo, nitamfundisha nini mkubwa? Lakini malundo yangekuwa mawili, moja kubwa na moja dogo, kila mwenye macho angejua. Angeuliza tu, kubwa la nani?"

"La mkubwa!" Bata Mzinga akanguruma.

"Hiyo sasa ni sheria, au ni maneno tu?"

"Ni sheria! Lundo kubwa ni la mkubwa, lundo dogo ni la wadogo! Leo na kesho na siku zote!"

"Kwa-kwa-kweli!"

"Na mgawaji awe nani?" Chiriku akauliza. "Nikigawa mimi, watasema nakupendelea. Akigawa Kuku, atajipendelea. Tuuachie upepo, Mkubwa. Upepo hauna mjomba."

"Upepo na ugawe! Lakini lisipokuwa kubwa kweli kweli, nitakumeza wewe na mluzi wako."

Chiriku akasimama juu ya jiwe. Akapiga mluzi. Fyuu!

Upepo ukaja. Vuuu!

"Tupa juu, Mama Vifaranga!"

Kuku Kishingo akaingia katikati ya lundo. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Punje zikaruka, makapi yakaruka. Punje zikaanguka pale pale, twa-twa-twa. Makapi yakaenda, fururu, yakatua kule mbali mbele ya kichuguu.

"Kubwa la nani?" akaimba Chiriku.

"La mkubwa!" wakaitika wote.

"Dogo la nani?"

"La wadogo!"

Fyuu! Vuuu! Kwaru-kwaru! Twa-twa-twa hapa, fururu kule. Lundo la kule likapanda, likapanda, laini, la rangi ya dhahabu, likafika kifuani mwa Bata Mzinga. La hapa halikufika hata goti la kuku. Vifaranga wakasogea. Yule wa hatua mbili, anakaa, naye akasogea. Akadonoa. To! Akadonoa. To! To!

Bata Mzinga akatupa jicho. Wivu una pua ndefu. "Mbona hawa wadogo wanakula haraka hivyo? Kuna nini katika hilo dogo?" Akaanza kuja. Hatua moja, kifua. Hatua moja, kifua.

Kuku Kishingo akagandamana na ardhi. Akajua yamekwisha, kwamba huyu akishazionja tu punje za hapa, watoto hawataona kesho. Hata Punda aliacha kutafuna.

Chiriku hakuondoka njiani. "Karibu Mkubwa, karibu dogo! Nichukue ruhusa niwatangazie kanga?"

Bata Mzinga akasimama, mguu mmoja hewani. "Uwatangazie nini?"

"Sheria, Mkubwa. Kubwa la mkubwa, dogo la mdogo. Ukila dogo sitakuwa na la kusema ila lile lile. Nitasema, jamani kanga, mdogo wetu ni huyu mwenye mkia, na lile lundo kubwa kule anakabidhiwa Bata."

Bata akatazama lundo kubwa. Bata akanyoosha shingo. Kwa mara ya kwanza maishani, Bata hakusema kwa-kwa-kweli.

Bata Mzinga akarudisha mguu chini. Akageuka. "Nilikuwa nakagua," akasema. "Mkubwa lazima akague." Akarudi kwenye lundo lake, akajaza mdomo makapi, akameza.

Kohoo! Kohoo!

"Mkubwa," Bata akauliza baada ya kuonja kidogo, "mbona jepesi hivi?"

"Chakula cha wakubwa ni chepesi," akasema Bata Mzinga, macho yamejaa maji.

"Na mbona kinakwaruza?"

"Kinasafisha koo kwa ajili ya hotuba."

"Kwa... kwa-kwa-kweli, Mkubwa." Bata akameza, akatafuta maji.

Basi Bata Mzinga akaona heri kanga waone vizuri. Akapanda juu ya lundo lake, akaupa upepo mgongo, akafungua mkia wote, unyoya kwa unyoya. "Gulu-gulu-gulu! Tazameni!"

Chiriku akapiga mluzi mmoja tu. Fyuu!

VUUUU! Upepo ukaukamata ule mkia, ukamnyanyua Mkubwa juu ya lundo, ukambingirisha mteremko mzima, miguu juu, kichwa chini, gulu-pu, gulu-pu, gulu-pu, mpaka kwenye jaa la majivu, puu! Kanga walicheka hadi wawili wakaanguka.

Akapanda kilima tena, mweupe kwa majivu.

"Nilikwenda kukagua bonde," akasema. "Bonde lipo."

Na kesho yake alirudi kwenye lundo kubwa. Mnashangaa nini? Akubali kwamba alikosea, mbele za kanga? Kesho akala makapi, keshokutwa akala makapi. Msimu mzima kila mchana Chiriku alipiga mluzi, Kuku aliparua, upepo uligawa, na Chiriku naye hakufanya kazi ya bure, alichukua punje zake za kwanza kabla ya vifaranga. Vifaranga wakaota manyoya. Yule wa tano akawa ndiye mchokozi kuliko wote. Kuku Kishingo akanenepa mpaka shingo ile ya aibu ikapendeza. Bata Mzinga akabaki mfupa na ngozi, na kadiri alivyokonda ndivyo alivyozidi kuvimbisha manyoya, hata kwa mbali ukasema huyu anazidi kukua.

Siku mawingu ya vuli yalipokaa vizuri juu ya kilima, Bi Sikitu akapata habari kwamba wakwe wanakuja kumtembelea. Wakwe! Mkwe hapewi mchuzi wa mchicha. Bi Sikitu akatoka mlangoni na kisu. Akamtazama Kuku Kishingo, amenona, lakini ana watoto, na Bi Sikitu hakuwa mtu wa kuwaacha watoto wa mwenzake yatima. Akamtazama Bata, Bata akajikunja akawa kama njiwa. Kisha akasema kwa sauti, na upepo ukayabeba maneno mpaka pembeni mwa shamba walikokuwa kanga:

"Wakwe zangu ni watu wakubwa. Ndege mkubwa hapa ni nani?"

Chiriku, juu ya ua, akasafisha koo. Aliimba taratibu sana.

"Kubwa la nani?"

Bata Mzinga alikuwa na nafasi, wallahi alikuwa na nafasi! Angefunga mkia tu, angeshusha manyoya, Bi Sikitu angeiona mifupa ile akapita. Lakini kanga walikuwa wanatazama. Akasogea mbele, hatua moja, kifua. Akafungua mkia.

"Gulu-gulu-gulu! La mkubwa! Mkubwa ni mimi!"

"Kwa-kwa-kweli!" akalia Bata haraka haraka. "Kwa-kwa-kweli kabisa!"

Bi Sikitu akamshika.

Jioni akamnyonyolea pale pale uwanjani alipopepetea mtama, na upepo ulikuwa haujalala. Manyoya yakachukuliwa, fururu, yakatua kule mbali mbele ya kichuguu, lundo kubwa, kubwa, kubwa. Nyama ikabaki pale pale miguuni pake. Wakwe walipofika wakafunua chungu, wakatazamana. Kila mmoja alipata mfupa na mchuzi mwingi.

Mnadhani uwanja ulitulia? Asubuhi yake Bata alionekana juu ya kichuguu. Amenyoosha shingo, amebana pumzi, anajaribu kuvimba. Na Chiriku yuko juu ya ua. Anamtazama.

Sasa mafunzo, maana wazazi wenu watauliza mmejifunza nini kwa bibi. Waambieni hivi. Kwanza, mpendane na wakubwa wenu, na kikubwa mwachieni mkubwa, msimnyang'anye, msimwonye. Pili, msikae juu ya ua mkitazama watu wanavyofanya kazi, ni tabia mbaya. Tatu, msipige mluzi, mluzi huita nyoka, muulizeni Bata Mzinga. Na nne, kuvimba ni afya.

Palikuwa na mkubwa!

— Akavimba!

Palikuwa na mdogo!

— Akatazama!

Palikuwa na upepo!

— Ukagawa!

Nami nimepepeta, ungo nimeuweka chini. Punje okoteni nyinyi. Makapi yakusanyeni vizuri mkawapelekee wakubwa, na mkifika, inameni.